Kikombe Juu ya Kioo

Sahihi ilikuwa yake na kalamu ilikuwa yake, kwa hiyo Sajini hakuwa na wa kumsukumia lawama. Ripoti ilikuwa na kurasa sita, na ukurasa wa mwisho ulisema waziwazi kwamba cheti cha mkunga kilikuwa cha kughushi. Saa tisa alasiri kamati ya hospitali ingeketi kuisoma, na kabla ya saa kumi mwanamke aliyezalisha nusu ya mji kwa miaka ishirini na saba angevuliwa sare yake. Sasa ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Sajini, mama wa miaka hamsini na ushee asiyependa kukosea, alikuwa amekaa ofisini kwa mtaalamu wa kompyuta, mkoba magotini, akimwomba afungue tena kitu ambacho wote wawili walikwisha kukifunga.

"Tulishamaliza, Sajini," mtaalamu alisema. Alikuwa mtu mpole ambaye miwani yake ilimteremka puani kila alipoinama, na alikuwa akiinama siku nzima. "Umeota nini?"

"Sijaota. Jana nilimpelekea mkunga barua ya wito. Nikamuuliza kama ana la kuongeza. Akaniambia, 'Muulizeni aliyeichora nembo ya cheti.' Basi. Akarudi kuanika nguo zake."

"Tuliandika kwamba aliyeichora hajulikani aliko."

"Tuliandika. Nani kati yetu alimtafuta?"

Mtaalamu akaisukuma miwani juu, akafungua kompyuta.

Kielelezo kilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki: diski ya zamani, ukubwa wa kiganja, yenye kijilango cha bati kinachoteleza. Mtu alikuwa ameandika kwa wino wa buluu, herufi za kulala: VYETI – USIFUTE. Matroni wa hospitali ndiye aliyeileta pamoja na malalamiko yake. Alisema iliokotwa kwenye takataka za chuo cha wakunga, kile kilichofungwa zamani na mafaili yake yote kuozea ghalani. Mtaalamu aliichomeka kwenye kisomaji chake kidogo, akawasha programu inayoigiza mashine za enzi hizo, na katikati ya skrini pana kikatokea kijidirisha kama stempu kwenye bahasha kubwa. Akakivuta kikakua.

Rangi kumi na sita, basi. Kijivu, buluu, kijani cha ukuta wa zahanati. Picha ya kabati la mafaili. Mshale mweupe. Sajini alikuwa amejifunza kupiga chapa kwenye mfumo kama huo, katika chumba ambacho watu walivua viatu mlangoni ili vumbi lisiifikie kompyuta moja waliyogombania watu thelathini, na kwa haki alipaswa kufurahi kuuona. Hakufurahi. Kila herufi ilikuwa imesimama na meno yake, kavu, kama mtu aliyepigwa picha bila kuambiwa.

"Ulikuwa mbaya hivi?" aliuliza.

"Ulikuwa hivihivi. Skrini za siku hizi tu ndizo hazifichi kitu."

Mtaalamu akafungua nembo. Ilikuwa taa ndani ya mzingo, na chini ya taa mikono miwili iliyokingwa. Mzingo ule ulikuwa bapa, mpana kuliko kimo chake. Mezani palikuwa na vyeti viwili vya chuo hichohicho. Cha Matroni, kilicholetwa kwa kulinganisha, kilikuwa na mzingo bapa kama wa kwenye skrini. Cha mkunga kilikuwa na duara safi.

"Unaona?" mtaalamu alisema. "Asili ni bapa. Cha Matroni bapa. Cha mkunga duara. Aliyeghushi aliona nembo imekaa vibaya akainyoosha. Waghushi wanapenda sana kunyoosha."

Sajini akatoa rula mkobani, akapima kwenye cheti cha Matroni. Kwenda pembeni, sentimita sita. Kwenda juu, tano. Akapima tena, majibu yakawa yaleyale.

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Karani anachora nembo ya chuo, inatoka hivi. Anampelekea mkuu wa chuo. Mkuu anaitazama, anasema safi, tuwape wahitimu. Inakuingia akilini?"

"Labda karani hakuwa fundi."

"Labda. Chukua laptop yako, tukamuulize."

Ilichukua simu mbili na dakika kumi na moja kumpata mtu ambaye ripoti yao ilisema hajulikani aliko. Alikuwa akiishi mitaa mitatu kutoka hapo. Ndani ya gari hakuna aliyemtazama mwenzake.

Karani mstaafu alikuwa bibi mdogo wa umbo, mnyoofu, aliyefungua mlango kabla hawajagonga mara ya pili.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Kama ni watu wa intaneti, mimi sitaki. Wenzenu walishakuja."

Sajini akajieleza. Bibi Karani akawakalisha sebuleni. Kila kitu humo kilikuwa kimevalishwa: viti vitambaa, redio kitambaa, na pembeni, juu ya meza ya mbao, kitu kikubwa kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake, hata pindo la maua kilikuwa nalo. Sajini alikitazama mara moja, akaanza kazi.

"Vyeti vya chuo alikuwa anavitengeneza nani?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Nani mwingine? Mkuu wa chuo alikuwa akiiogopa mausi utadhani ni panya kweli."

"Umewahi kumpa mtu cheti asichostahili?"

Bibi Karani alinyoosha kitambaa cha kiti. "Mwanangu, nimewanyima vyeti mabinti wa watu waliokuja na barua za wakubwa. Wengine walinitukana mbele ya watu. Muulize mwingine swali hilo, mimi usiniulize tena."

"Samahani, Bibi. Ni kazi." Sajini akauweka mfuko wa plastiki mezani. "Hii unaijua?"

Uso wa bibi ukafunguka wote. "Jamani! Huu si mwandiko wangu? Imefikaje kwenu? Hii nilimpa binti yangu mmoja."

"Binti yako gani?"

"Si wa kumzaa. Alikuwa mwanafunzi pale chuoni, aliondoka mwaka wa pili, mambo ya nyumbani kwao. Siku hizi ni Matroni hospitali kubwa. Alikuja miaka miwili iliyopita, akaniletea sukari, tukakaa hapohapo ulipokaa, tukakumbushana ya zamani mpaka jua likazama. Nilitaka nimwashie mashine tuione pamoja, umeme haukuwepo. Wakati wa kuondoka akaniambia, 'Bibi, nipe hata kitu kimoja cha chuo, niwe nacho tu.' Nikampa. Nilifurahi sana siku ile. Kumbe kuna mtu bado anakumbuka."

Aliondoka mwaka wa pili. Sajini aliandika maneno hayo kwenye daftari lake, akayapigia mstari. Chini yake akaandika neno la Matroni, iliokotwa, akalipigia mstari pia.

Mtaalamu alikuwa amekwisha kufungua kompyuta yake. "Bibi, tazama hapa. Hii ndiyo nembo uliyoichora?"

Bibi Karani akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma. "Hii? Hii siyo yangu. Nani ameikalia?"

"Imetoka kwenye diski yako. Sijaigusa."

"Basi laptop yako inaumwa."

Akainuka, akaenda pembeni, akakivua kile kitambaa kwa mikono miwili. Chini yake kulikuwa na kompyuta ya chuo. Walipofunga walitaka kuitupa, naye akaipeleka nyumbani kwa mkokoteni. Plastiki yake ilikuwa nyeupe zamani. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kioo kilikuwa kimetuna mbele, kinene, na mgongo wake ulikuwa mrefu kiasi cha kugusa ukuta.

"Inawaka?" Sajini aliuliza.

"Kila mwaka, siku waliyotufungia chuo, huwa naiwasha kidogo. Mwaka huu sijaiwasha. Miguu ilikuwa inauma."

Akachagua diski nyingine kwenye boksi la plastiki, ya mfumo wenyewe, akaisukuma ndani, akabonyeza swichi nyekundu ya nyuma. Feni ikaunguruma. Kioo kikalia kisauti chembamba ambacho Sajini hakuwa amekisikia kwa miaka ishirini, na nywele za mikono zikamsimama. Namba zikahesabiwa polepole kwenye kona. Diski ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena.

"Imekwama," mtaalamu alinong'ona.

"Haijakwama. Inafikiri. Ninyi mmezoea vitu visivyofikiri."

Kisha mfumo ukaja. Kijivu kilekile, buluu ileile, kabati lilelile la mafaili, lakini haukuwa mfumo waliouona asubuhi. Mwanga ulikuwa unatoka ndani, kutoka kwenye kina cha kioo, na kila nukta ilikuwa imeegemea jirani yake, kwa hiyo meno ya herufi yalikuwa yamepotea. Maandishi yalionekana laini, ya kusomeka bila kukunja uso. Ulikuwa mzuri. Sajini alikuwa amekaa miaka yote hiyo akidhani ni ujana tu uliomfanya auone mzuri. Akatazama chini akakuta amevua viatu, na hakukumbuka amevivua saa ngapi.

Bibi akatoa diski ya mfumo, akaingiza ya vyeti. Nembo ikajichora mstari kwa mstari kutoka juu: ncha ya moto, taa, mikono. Na mzingo.

Mzingo ulikuwa duara.

"Haiwezekani," mtaalamu alisema. Alipiga magoti mbele ya kioo, akaweka kompyuta yake kando ya ile ya zamani. Diski moja, mchoro mmoja. Huku bapa, huku duara.

Bibi Karani alikuwa amekwenda jikoni. Akarudi na kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu uliobanduka sehemu mbili.

"Hii programu ilikuwa na kitufe cha duara," alisema. "Lakini ukikibonyeza, ilikuchorea yai lililosimama. Yenyewe ilikuwa inahesabu nukta tu, haitazami. Nikahangaika nayo wiki nzima. Mwisho nilikuwa nakunywa chai, nikasema ngoja. Nikakibandika kikombe kwenye kioo, nikamwita binti mmoja anishikie, nikakifuata kwa mausi nukta kwa nukta mpaka nikazunguka. Siku mbili. Chai yote ikapoa."

Akakigeuza kikombe, akaubandika mdomo wake juu ya kioo. Umeme mdogo wa kioo ukatatarika vidoleni mwake. Ukingo wa kikombe ukaukalia mstari wa nembo juu, chini, kulia na kushoto, wala haukubaki upenyo hata wa uzi.

Mtaalamu akakiomba kikombe, akakibandika kwenye skrini yake. Akaikuza picha, akaipunguza. Pembeni kilipotosha, juu kilizidi. Juu kilipotosha, pembeni kilipwaya.

"Nukta mia tatu na ishirini kwenda pembeni, mia mbili kwenda chini," alisema polepole, kama mtu anayesoma mashtaka yake mwenyewe. "Kioo cha zamani kinakaribia mraba, kwa hiyo kinazivuta zijae mpaka juu. Kila nukta inakuwa ndefu kidogo kuliko upana wake. Skrini yangu inazifanya zote mraba, mchoro unanywea. Nilisoma hii. Niliulizwa kwenye mtihani, nikapata." Akavua miwani. "Sajini, nimemwangusha mtu."

"Tumemwangusha. Sahihi ni mbili." Sajini akamgeukia bibi. "Na printa yenu je? Ilichapa duara au bapa?"

"Printa ilifuata kioo. Ulichokiona ndicho ulichokipata."

"Kwa hiyo cheti chenye nembo bapa kingeweza kutoka kwenye mashine hii?"

"Hata kwa bahati mbaya, hakiwezi."

"Basi kimetoka kwenye mashine kama yako," Sajini alimwambia mtaalamu. "Mtu aliifungua diski kwenye skrini ya kisasa, akaona bapa, akadhani ndiyo asili. Akainakili vizuri kabisa." Akaanza kuvaa viatu. "Bibi, hii mashine ina uzito gani?"

Mashine ilifika hospitali saa tisa na dakika tano, imekaa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa na kufungwa kwa shuka isidondoke. Mtaalamu aliisukuma kwenye korido huku wagonjwa wakiipisha na kuipa pole. Bibi Karani alitembea pembeni ameishika begani.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu na watu watatu nyuma yake, Mganga Mkuu katikati. Upande mmoja alikaa Matroni, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Upande wa pili alikaa mkunga kwa nguo za nyumbani, mkoba mapajani, kwa sababu wiki tatu zilizopita alikuwa amekatazwa kukanyaga wadini. Matroni alipomwona bibi aliyekuwa akiingia, alianza kuinuka kumwamkia, kisha akaketi.

Sajini hakutoa hotuba. Alisubiri mashine ifikiri, nembo ijichore, akakibandika kikombe juu ya kioo, kisha juu ya skrini ya mtaalamu. Aliwaacha wajumbe waje mmoja mmoja kujaribu wenyewe. Mganga Mkuu alijaribu mara tatu.

"Tumeitwa hapa kutazama kikombe?" Matroni aliuliza.

"Dakika moja tu, Matroni. Cheti chako ulipewa lini?"

"Mwaka mmoja na yeye. Imeandikwa pale."

"Kilichapwa wapi?"

"Chuoni."

"Kwa mashine ipi?"

Matroni akaonyesha kwa kidevu. "Si hiyo? Ilikuwepo moja tu."

"Una hakika?"

"Naikumbuka vizuri sana."

"Mimi pia naamini ilikuwepo moja tu," Sajini alisema, akakiweka cheti cha Matroni kando ya kioo. Bapa, pembeni ya duara. Kisha akaweka cha mkunga. Kila aliyekuwa na macho aliona.

Bibi Karani ndiye aliyesema, na sauti yake haikuwa ya kugomba.

"Ulibakiza mwaka mmoja tu, mwanangu. Siku ile ungeniambia unachokitafuta, ningekwenda nawe mwenyewe kwa miguu hii hii mpaka wakupokee chuo kingine. Mimi nilidhani umekuja kuniona."

Matroni aliinamisha kichwa. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sare ile iliyopigwa pasi ikaonekana kubwa kwake.

Mganga Mkuu akamgeukia mkunga. "Ulijua kwamba hakumaliza?"

"Tulilala chumba kimoja. Nilimfungia mabegi siku anaondoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Mliniuliza cheti changu," mkunga alisema. "Cha kwake hamkuniuliza. Na mikono yake ilikuwa mizuri kazini, nisingependa kusema uongo."

Mlango ukagongwa, muuguzi akachungulia, jasho usoni. "Samahani, Mganga Mkuu. Kuna mama chumba cha kujifungulia, mtoto anatanguliza miguu. Daktari yuko kwenye upasuaji, hawezi kutoka. Nani aende?"

Wajumbe wakamtazama Mganga Mkuu, naye akamtazama Sajini. Sajini alikuwa amekwisha kufungua ripoti ukurasa wa sita. Aliikata sahihi yake kwa mstari mmoja, akampa mtaalamu kalamu, naye akaikata ya kwake.

"Mkunga," Mganga Mkuu alisema, "nenda."

Mkunga akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na aproni nyeupe, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameibeba kila siku kwa wiki hizo tatu, hata alipokwenda sokoni. Akaivaa akitembea. Alipofika kwenye kiti cha magurudumu akasita kidogo, akainama kwenye kile kioo kilichotuna, mwanga wa buluu ukamwangaza usoni.

"Bado iko vilevile," alisema. "Bibi, mimi ndiye niliyekushikia kikombe. Mkono ulikufa ganzi."

"Nimekukumbuka tangu nilipoingia. Nenda, mwanangu, usimcheleweshe mgeni."

Hatua zake zikasikika kwenye korido, za haraka, zikipungua. Mganga Mkuu alikusanya makaratasi yake, akaagiza Matroni asubiri ofisini pamoja na Sajini, akanyoosha mkono kuelekea swichi nyekundu.

"Tuizime sasa?"

"Iache kidogo," Bibi Karani alisema, akavuta kiti akakaa karibu nayo. "Haijatoka nyumbani siku nyingi."